Hofu ya Utotoni katika Ushuhuda wa Kikristo: Mfano wa Suneka

Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imeandikiwa mengi. Tumesoma juu ya ngano, vitendawili, methali, majigambo, nyimbo za arusi na za jando. Na wanafunzi wetu hupelekwa vijijini wakati wa likizo, wamebeba vinasa-sauti, kwenda kuyakusanya hayo kwa wazee. Lakini upo utanzu mmoja ambao wanafunzi hao huupita njiani, nao ni ushuhuda, yaani masimulizi ya Mkristo mbele ya wenzake kueleza jinsi Mungu alivyomtoa katika hali moja na kumtia katika nyingine. Ushuhuda husimuliwa Jumamosi na Jumapili, katika mikutano ya hadhara, katika matanga, hata ndani ya matatu. Una kanuni za kuanza na za kumaliza, una hadhira inayoitikia, na una wasimulizi mahodari na wasimulizi wabovu. Sifa zote tunazozidai kwa ngano zimo humu. Nadhani kinachowazuia wahakiki wasiuguse ni kwamba wanaoamini huona ni utovu wa adabu kulihakiki neno lililosemwa mbele ya Mungu, na wasioamini huona kwamba pale hapana fasihi. Makala haya hayakubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Tutashughulika na aina moja tu ya ushuhuda, ule unaohusu hofu iliyomshika mtu tangu utotoni isimwachie ukubwani, na tutauchukua mahali pamoja. Suneka ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Abagusii, juu ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori, wenye kiwanja chake cha ndege na migomba inayoanza pale maduka yanapokwisha. Wakatoliki waliweka misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafika Nyanchwa muda mfupi baadaye, na Walutheri kutoka Uswidi wakaanza kazi Itierio, jirani kabisa na Suneka, mwaka 1948. Makanisa ya Kipentekoste yamekuja baada ya hao. Kwa hiyo Suneka ya leo si mahali ambapo Injili ni habari mpya. Bibi wa bibi za watoto wanaosoma huko sasa walikwisha kubatizwa. Mwandishi alilelewa upande huo, na shuhuda tatu zitakazochambuliwa alizisikia kwa masikio yake katika nyakati mbalimbali. Majina ya waliozitoa, na ya makanisa yao, hayatatajwa.

Kwanza tuitazame hofu yenyewe, maana haikuota kama uyoga. Philip Mayer, aliyefanya utafiti Kisii katika miaka ya 1940 na kutoa mhadhara wake juu ya wachawi mwaka 1954, na Robert na Barbara LeVine, waliofanya kazi huko kati ya 1955 na 1957 na kuchapisha kitabu chao Nyansongo mwaka 1966, wameyaandika yale ambayo kila mtoto wa Kisii anayajua bila kusoma. Omorogi hutoka usiku, uchi, amebeba chungu chenye makaa. Hukifunika na kukifunua, ndiyo maana mtu aliye mbali huona mwanga mlimani ukiwaka na kuzimika. Hugonga milango ya watu. Hufukua maiti. Na omorogi si mgeni. Ni jirani, ni mke wa baba mdogo, ni mtu aliyekupa ndizi mchana. LeVine na mwenzake waliona pia kwamba akina mama waliitumia hofu ya wanyama na ya giza kama chombo cha malezi: mtoto anayelia hunyamazishwa kwa kutajiwa kitu kilichoko nje. Hatuyasemi haya ili kuwalaumu mama zetu. Mwanamke mwenye watoto watano, shamba la wimbi, na nyumba isiyo na ua, katika nchi ambayo wakati mmoja ilikuwa na chui na fisi, hakuwa na chombo kingine kilicho karibu kama neno.

Lakini mhakiki hana budi kuona tofauti iliyopo baina ya neno hilo na ngano. Ngano ya zimwi ina mwisho. Zimwi hupasuliwa, waliomezwa hutoka wakiwa hai pamoja na ng'ombe wao, msimulizi hufunga hadithi kwa maneno yake ya kufungia, na mtoto hulala. Tisho la omorogi halina mwisho. Mtoto huambiwa, “Nyamaza, anapita,” basi. Nani anapita? Anakwenda wapi? Atarudi saa ngapi? Hakuna anayejibu, kwa sababu kazi ya tisho imekwisha pale mtoto aliponyamaza. Hadithi iliyoanzwa hivyo na kukatwa hukaa ndani ya mtu ikingoja sehemu yake ya pili. Rai ya makala haya ni kwamba ushuhuda wa hofu ni jaribio la mtu mzima kuipa hadithi hiyo mwisho wake. Swali la uhakiki, basi, ni mwisho gani anaouchagua na anautoa wapi.

Umbo la ushuhuda kama tunavyolijua leo linadaiwa sana na Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda kwa jina la Balokole, na kuingia Kenya mwaka 1937. Uamsho ule ulitufundisha kusema mbele za watu, kutaja dhambi kwa jina lake, na kuyaweka mambo nuruni. Ulitupa pia sehemu tatu ambazo sasa hata madhehebu yasiyoukubali Uamsho huzitumia: giza, saa ya wokovu, na nuru. Saa hutajwa kwa usahihi wa ajabu. Mtu asiyekumbuka mwaka aliozaliwa huikumbuka tarehe, na pengine dakika. Baada ya saa hiyo vitenzi vyote hubadilika: kabla yake ni “nilikuwa nikiogopa”, baada yake ni “siogopi tena”. Ni umbo lenye nguvu. Ni umbo pia linalomshurutisha msimulizi kusema kwamba jambo limekwisha, hata kama halijaisha.

Ushuhuda wa kwanza ulitolewa kwa Kiswahili katika mkutano wa hadhara karibu na soko. Msimulizi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa pikipiki. Alisema kwamba utotoni aliishi ng'ambo ya mstari wa mikaratusi kutoka kwa mwanamke mmoja mkongwe. Kwamba kila usiku alijifunika blanketi gubigubi hata wakati wa joto. Kwamba alikojoa kitandani mpaka miaka kumi na miwili kwa sababu hakuthubutu kutoka. Hapa alisimulia vizuri, na watu wakacheka kicheko cha kujitambua. Kisha saa ya wokovu ikafika, maombi ya usiku kucha yakafanywa, akapiga kelele, akaanguka, na juma lililofuata, akasema, “kile kizee kikaugua, kikashindwa hata kutoka nje.” Makofi yakapigwa. “Bwana asifiwe!” “Amina!”

Tukitazame kiambishi. Katika Kiswahili neno kizee, likiwa ni la mtu, huweza kuchukua upatanisho wa viumbe hai: kizee yule ameugua. Msimulizi huyu alisema kile kizee kikaugua, na tangu sentensi hiyo hadi mwisho hakurudi tena kwenye a- wala yule. Hapo mwanzo, alipokuwa akisimulia utoto wake, alisema “yule nyanya”. Kwa hiyo katika dakika kumi, mbele ya macho yetu, mwanamke alitolewa katika ngeli ya watu akatiwa katika ngeli ya vitu. Sidhani kijana alikusudia hivyo. Sarufi ilimfanyia kazi ambayo pengine asingalikubali kuifanya kwa ulimi wazi. Na mwisho alioutumia kuifunga hadithi yake haukutoka katika Injili hata kidogo. Umetoka katika ngano. Ni mwisho wa zimwi: adui huanguka, kijiji hushangilia. Tofauti ni kwamba zimwi haliishi ng'ambo ya mikaratusi.

Hili si suala la ufundi peke yake. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, lakini haikuwazuia watu kujichukulia hukumu. Kati ya 1992 na 1994 watu wengi waliuawa Kisii kwa kutuhumiwa uchawi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani. Haya yalitendeka katika nchi yenye kanisa karibu kila kilima, na hapana shaka kwamba miongoni mwa waliotazama walikuwamo watu wanaosali. Sisemi kwamba ushuhuda uliwaua wanawake hao. Nasema kwamba ushuhuda ambao ndani yake hofu hushindwa kwa kupewa uso wa jirani haujaishinda hofu. Umeihamisha tu kutoka chini ya blanketi na kuipeleka barabarani, mchana, kwenye kundi la watu. Mtoto aliyejifunika blanketi alikuwa hamdhuru mtu.

Wa pili ulitolewa kwa Ekegusii, katika ibada ya kawaida, na mama muuza ndizi wa makamo. Ulikuwa mfupi mno. Alisema kwamba magokoro wake alimtisha kwa giza, kwamba yeye ameokoka miaka mingi, na kwamba mpaka leo, akirudi kutoka sokoni jua likiwa limezama, huogopa pale njia inapopita kati ya migomba. “Huimba,” akasema. “Hofu iko, na mimi naimba, twaenda sote mpaka nyumbani.” Akaketi. Watu hawakujua waitike nini. Mwongozaji wa ibada alisimama akamwombea ili ukombozi wake ukamilike.

Mwongozaji aliuona ushuhuda huu kuwa pungufu, kwa kuwa haukuwa na sehemu ya tatu. Mimi naona aliyekuwa na upungufu ni yeye. Mama yule alikataa kusema uongo ambao umbo lilimtaka auseme. Neno alilolitumia lilikuwa obwoba, ambalo ni ndugu wa damu wa woga wa Kiswahili, na hakulipamba. Waraka wa Kwanza wa Yohana, katika sura ya 4, unafundisha kwamba upendo ukiwa kamili huitoa hofu nje, na wahubiri hupenda kuutaja mstari huo dhidi ya watu kama huyu. Lakini wengi wetu tuna upendo ulio njiani tu, na Zaburi ya 91, inayotajwa katika karibu kila ushuhuda wa aina hii, yaitaja hofu ya usiku kama kitu kilichopo. Katika wimbo wa mama yule mna imani inayofanya kazi kila jioni. Katika ushuhuda wa kijana imani ilifanya kazi mara moja, ikastaafu.

Hapa itafaa kumkumbuka Mwafrika mwingine aliyeandika ushuhuda, naye ni Augustino wa Hippo, katika Maungamo yake, mwishoni mwa karne ya nne. Anasimulia kwamba alipokuwa mtoto wa shule aliogopa fimbo, na kwamba maombi yake ya kwanza kwa Mungu yalikuwa ni kuomba asipigwe. Na watu wazima, wazazi wake wakiwamo, walimcheka. Aliandika hayo akiwa askofu. Alikuwa na kila sababu ya kuiita hofu ile upuuzi wa kitoto uliokwisha, wala hakuiita hivyo. Kinyume chake, aliwashitaki watu wazima kwa kuicheka. Miaka mingi baadaye, katika Mji wa Mungu, aliuliza ni nani ambaye, akipewa achague baina ya kufa na kurudia utoto, asingechagua kifo. Mtu huyu aliamini kwa moyo wote, na bado alikuwa akiisikia ile fimbo. Nguvu ya kitabu chake, kwa maoni yangu, imo humo: hamsukumi yule mtoto mlangoni ili amkaribishe askofu.

Atakayesema kwamba imani ikiwa ya kweli lazima ing'oe hofu za utotoni na mizizi yake, amtazame Martin Luther, ambaye Walutheri wa Itierio wanaitwa kwa jina lake. Mama yake alimwogopa jirani aliyeaminiwa kuwa mchawi, na Luther aliisimulia habari hiyo katika utu uzima wake bila kuitilia shaka. Mwaka 1526 alihubiri kwamba wachawi wauawe. Alimtikisa Papa na Kaisari, lakini yule jirani wa mama yake hakumweza. Sitaji hili kwa kejeli. Wamisionari waliotujia walitoka katika nchi ambazo nazo ziliwahi kuwachoma wanawake wazee, na hofu yetu si ya ajabu kuliko ya kwao.

Sasa niingize jambo la lugha, kwa sababu bila hilo ushuhuda wa tatu hautaeleweka. Makanisa ya Suneka, yakiwa na wageni, hutumia mkalimani: msimulizi husema kwa Ekegusii, mkalimani hufuata kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Omorogi karibu kila mara hufasiriwa kuwa mchawi. Tafsiri hiyo si mbaya, lakini ni pana mno. Kiswahili cha pwani kina neno mwanga, la mtu awangaye usiku, ambalo lingekaa karibu zaidi na yule mwenye chungu cha makaa; na Kiswahili cha bara kina mrogi, ambalo ni neno lile lile la Ekegusii katika vazi jingine. Mchawi humleta mbele ya wasikilizaji mtu mwenye dawa, mwenye nia, mwenye kesi ya kujibu. Ule mwanga wa mbali unaowaka na kuzimika, ambao ndio mtoto aliouona kwa macho, hupotea. Nimesikia shuhuda kadhaa ambazo kwa Ekegusii zilikuwa ni habari za jambo lililoonekana, na kwa Kiswahili zikawa ni habari za mtu aliyetenda.

Msimulizi wa tatu alikuwa omogaka, mzee wa kanisa, na walikuwapo wageni kutoka Migori. Alisema kwamba katika ujana wake alikuwa Mkristo imara mchana na mtoto mdogo usiku. Nyumbani kwao waliuona ule mwanga mara nyingi, kwenye mteremko wa upande wa Riana, na baba yake alikuwa akifunga mlango kwa gogo. Yeye naye, alipooa, alifunga mlango kwa gogo. Usiku mmoja mkewe akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mkunga aliishi ng'ambo ya bonde. Mzee alisema wazi kwamba alikaa kwanza, akatafuta sababu ya kungoja mapambazuko. Kisha akapiga magoti, akaomba, na maombi, alisema, hayakuiondoa hofu hata chembe. Yaliondoa gogo tu. Akachukua fanusi akatoka. Upepo ulikuwa mkali, ikambidi kuifunika fanusi kwa koti, na kila alipotaka kuona njia akaifunua, akaifunika tena. Alikwenda hivyo mpaka ng'ambo, akirudia Zaburi kwa sauti. Mtoto alizaliwa salama.

Siku mbili baadaye alipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Watoto waliokuwa wakingoja foleni walikuwa wakisimuliana kwamba omorogi amepita juzi usiku, akishuka kuelekea Riana, chungu chake kikiwaka na kuzimika, na alikuwa akinung'unika maneno. Mzee alisema alicheka. Kisha akaona kwamba hapana la kuchekesha. “Nikajua kwamba aliyepita ni mimi. Na ule mwanga niliouogopa miaka yote, huenda naye alikuwa ni mtu aliyekwenda kumwitia mkewe mkunga.”

Sina haja ya kueleza sana kwa nini ushuhuda huu unaishinda ile miwili. Mwisho wake haukuazimwa kwa zimwi, wala haukuachwa wazi kama wa mama muuza ndizi. Msimulizi alirudi kwenye picha ile ile ya utotoni, akaitazama kutoka upande wa pili wa bonde, na picha ikageuka bila yeye kuilazimisha. Imani ilifanya kazi ndogo iliyo dhahiri: ilimfungulia mtu mlango. Yaliyofuata aliyapata kwa miguu yake. Na angalia alivyosema huenda. Hakudai kuijua kila taa iliyopita mlimani. Hakuwaambia wasikilizaji kwamba babu zao walikuwa wajinga. Wala hakuna mtu aliyebadilishwa ngeli katika masimulizi yake. Mkunga alimtaja kwa neno omong'ina, ambalo ni la heshima, na inafaa kufikiri kidogo: mwanamke mkongwe, aishiye peke yake, ajuaye mitishamba, atembeaye usiku akiitwa. Katika ushuhuda wa kijana mwanamke wa namna hiyo angeitwa nini?

Itasemwa kwamba nimepima shuhuda kwa kipimo cha fasihi ilhali zilitolewa kwa Mungu. Nami najibu kwamba zilitolewa kwa sauti, mbele ya watu, kwa lugha, na kila mmoja aliyesikia alikwenda nazo nyumbani kwake, penye mlango wake na jirani yake. Hilo ni eneo letu. Idara zinazofundisha lugha za Kiafrika zingefanya vyema kuzinasa shuhuda hizi katika lugha zilizosemwa kwanza, pamoja na tafsiri za wakalimani, ziwekwe bega kwa bega. Jambo hili nililitambua siku ile ile ya ushuhuda wa tatu. Mkalimani alimfuata mzee vizuri mpaka kwenye mashine ya kusaga. Alifasiri watoto, foleni, chungu, kicheko. Mzee alipokwisha kusema kwamba aliyepita ni yeye, mkalimani alinyamaza kidogo, kisha akawaambia wageni kwa Kiswahili kwamba Mungu alimlinda mzee huyu na wachawi usiku ule. Wageni wakaitika, “Amina.” Baada ya ibada nilimwuliza kwa nini aliiacha sentensi ile. Alinijibu kwa upole kwamba hakuiona kuwa ni sehemu ya ushuhuda.